Risiti Zilizokwenda Maskati

Ujumbe wa kwanza uliingia nikiwa chumba cha walimu, nasahihisha insha za kidato cha pili. Ulisema malipo yangu yamekataliwa, na kwamba nikitaka kuendelea na huduma nibadilishe njia ya kulipa. Niliufuta pale pale. Matapeli wa simu walikuwa wametuzidi siku hizo. Wiki haipiti bila ya mtu kuambiwa ameshinda gari, au atume ile pesa kwa namba nyengine, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaonya wenzangu wasijibu. Isitoshe, kadi ya kulipia vitu mtandaoni sikuwa nayo na sijawahi kuwa nayo. Malipo gani hayo yakataliwe?

Kesho yake ukaingia mwengine. Siku ya tatu ukaingia wa namna hiyo hiyo, lakini huu ulitaja jina la programu ya kujifunza Kituruki, na hapo kalamu nyekundu nikaiweka chini. Ile programu nilikuwa naijua. Niliiweka mwenyewe kwenye simu, mwaka niliorudi nyumbani kwa mama.

Nilirudi Mkunazini nikiwa na miaka arubaini na moja, baada ya ndoa ya miaka kumi na sita kuvunjika. Ndoa yenyewe sitaieleza hapa. Niliandikiwa talaka, nikafunga masanduku mawili, gari ikaniacha barabara kuu na hamali akayasukuma kwa mkokoteni mpaka mlangoni, kwani uchochoro wetu haupiti gari. Mama hakuniuliza kitu. Alinitangulia mpaka chumba changu cha zamani, nikakuta shuka zimeshatandikwa na feni imeshafutwa vumbi.

Jioni nikawa nakaa naye anapotazama tamthilia zake za Kituruki, zile zilizotiwa sauti za Kiswahili. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sikio langu haliachi kukagua. Niliona midomo ya wale watu inakwenda mbio, inasema mengi, na Kiswahili kinachokuja ni maneno matatu manne. Nikawa na hakika kuna maneno tunanyimwa. Ndipo nikaitafuta ile programu, nikakuta imeandikwa siku saba bure, nikabonyeza ndiyo. Mwezi mmoja nilisoma kwa bidii. Niliweza kuomba maji na mkate, na kusema sina njaa. Kisha mitihani ikaja, nikaichoka, nikaibonyeza mpaka ikatetemeka kiooni, nikaifuta, nikahisabu tumeachana.

Kumbe hatukuachana. Aliyenieleza ni mwalimu mwenzangu anayesomesha kompyuta, mwanamke wa Matemwe, mdogo kwangu kwa miaka kumi na kitu, mpole, asiyemcheka mtu kwa asilolijua. Nilimpa simu aitazame. Akausoma ule ujumbe mara mbili.

"Mwalimu, huu si utapeli," akaniambia. "Kweli umejiunga."

"Nshaifuta zamani."

"Umefuta picha yake tu. Kujiondoa hujajiondoa."

Akanifafanulia kwa mfano wa twisheni. Mtoto akiacha kwenda na wewe hukumwambia mwalimu wake, jina lake limo daftarini, na kila mwisho wa mwezi utadaiwa kama kawaida, hata kama kiti chake kimeota vumbi. Kisha akafungua duka la programu humo simuni, akagusa kile kiduara cha juu pembeni, akaingia palipoandikwa malipo na usajili, akanigeuzia kioo nitazame.

Zilikuwa saba. Nilizitambua moja moja, kama mtu anayeoneshwa nguo zake za zamani. Kituruki hicho. Ya kuhisabu hatua, niliyoiweka daktari aliponambia sukari inapanda na nitembee. Nikawa nazunguka Forodhani baada ya swala ya alasiri, kabla wauza chakula hawajawasha taa zao, nikifurahi kuona namba inapanda, mpaka mvua za masika zikanikatiza. Ya kusafisha picha, niliyoitumia siku moja tu, kuwaondoa watu nisiowajua nyuma ya picha ya marehemu baba. Ya kupiga picha karatasi za mitihani zikawa safi, ambayo mwenzangu aliitazama akatikisa kichwa, kwa sababu simu yenyewe inaifanya kazi hiyo bila ya msaada. Nyengine mbili sikukumbuka hata nilizitakia nini. Na ya sauti ya mvua, ya watu wasiopata usingizi. Zote zilianza kwa siku chache za bure, na zote nilikuwa nimezifuta kwa namna ile ile, kwa kubonyeza mpaka zitetemeke.

"Nani anayezilipa?" nikauliza. "Mimi kadi sina."

Akashuka chini ya ukurasa. Palikuwa na tarakimu nne za mwisho za kadi, na mbele yake jina la kaka yangu.

Simu ile ilikuwa ya kaka. Ni mkubwa wangu kwa miaka sita, na sisi tumezaliwa wawili tu. Wakati huo alikuwa ameshakaa Maskati miaka kumi na minane. Alikwenda kama fundi wa mitambo ya baridi, akapanda mpaka akawa msimamizi wa mafundi wenziwe. Aliponunua simu mpya aliniletea ile ya zamani kwa mkono wa jamaa aliyekuwa akirudi, akaniambia nisihangaike na chochote, kila kitu kimo, nitie laini yangu tu. Nikatia laini. Na kweli kila kitu kilikuwemo. Akaunti yake ilikuwemo, na kadi yake ndani ya akaunti, na barua pepe zake zikiingia kila siku nyuma ya kile kibahasha kilichokaa pembeni ya kioo. Kibahasha hicho sikukigusa hata mara moja. Nilijua ni cha barua za kaka, na mimi mambo yangu yote, ya shule na ya jamaa, yanapita kwenye makundi ya ujumbe.

Miaka mitatu, basi, ndugu yangu alikuwa akilipia vitu nilivyovitupa. Mwenzangu alinirudishia simu. Akasema hii si ajabu, wazungu wenyewe wanaotengeneza vitu hivi wanategemea watu kusahau, na yeye mwenyewe aliwahi kukatwa miezi minane kwa programu ya mapishi.

"Na sasa kadi imekataa," nikasema. "Basi si zimekwisha zenyewe?"

"Zimekwama tu. Siku kadi ikipata pesa zitachukua tena. Mpaka uzighairi."

Akanifundisha kwa ile ya kwanza. Unaigusa, unashuka, unabonyeza ghairi usajili. Haikubali mara moja. Inauliza kwa nini unaondoka, inakupa majibu ya kuchagua, inakuuliza tena kama una hakika, kisha inakwambia inasikitika kukuona unaondoka. Nilichagua "siitumii vya kutosha", nikaona hata huo ni uongo, kwa sababu siitumii kabisa. Ya pili niliifanya mwenyewe yeye akitazama. Kengele ikalia, akachukua chaki zake.

Zilizobaki nilizifanya nyumbani baada ya chakula, mama akiwa amejinyoosha chumbani kwake. Nne zilikwenda vizuri. Ile ya mvua ndiyo iliyonikatalia. Hii ilikuwa imeorodheshwa lakini kifungo cha kughairi hakikuleta kitu. Ilinipeleka kwenye tovuti yake yenyewe, na huko nikaambiwa wamenitumia barua pepe, niifungue nibonyeze neno la kuthibitisha.

Barua ilikuwa imekwenda kwa kaka, na kibahasha chake kilikuwa pale pale mbele ya kidole changu. Ningeweza kumpigia nikamwomba aibonyeze yeye. Lakini kumpigia ni kumwambia, na mimi nilitaka nimwambie mambo yakiwa yameshakwisha, niseme nimekosa na nimeshatengeneza. Nikajiambia nitafungua barua moja tu, hiyo hiyo yao.

Barua yao ilikuwa juu kabisa. Chini yake zilifuatana nyengine, na macho hayana adabu ya mikono. Vichwa vyake vilikuwa vinafanana: kuhusu ombi lako la kazi, kuhusu ombi lako, tunashukuru kwa ombi lako. Niliteremka kidogo, nazo zikaendelea kuteremka. Nikabonyeza moja. Ilitoka kiwanda cha barafu, ilikuwa fupi, ya adabu, ikisema wanasikitika nafasi ya fundi imepata mtu mwengine na wanamtakia kheri.

Nikaifunga. Nikathibitisha ile ya mvua, ikaniambia usajili umeghairiwa, nikaiweka simu juu ya kabati ikiwa imelala kifudifudi.

Kaka yangu alikuwa akipiga kila Ijumaa alasiri. Huzungumza na mama kwanza, kisha mimi. Ijumaa zote za mwaka ule alikuwa akisema kazi nyingi, joto limezidi, kila jumba mtambo wake umeharibika na wote wanamtaka yeye. Mama humwambia apumzike, na yeye husema inshallah. Sasa nilijua kwamba msimamizi wa mafundi hawezi kuwa anaomba kazi ya fundi katika kiwanda cha barafu.

Mpaka Ijumaa zilibaki siku mbili. Nilisomesha, nilipika, nilimpa mama dawa yake ya presha. Mara moja aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni insha. Jambo lililonitesa zaidi halikuwa kwamba kaka hana kazi. Watu hukosa kazi wakapata nyengine. Lilikuwa kwamba nimeingia katika barua za mtu mzima, mkubwa wangu, nikalijua analolificha, na sasa kila njia ina aibu. Nikinyamaza, namwacha aendelee kututungia hadithi za mitambo. Nikisema, namvua nguo.

Ijumaa akapiga. Mama akazungumza naye, akamsimulia habari za jirani aliyevunjika mguu, kisha akanipa simu. Nikaingia nayo chumbani kwangu nikafunga mlango.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Vipi watoto wako wa insha?"

"Kaka, nna jambo la kukutaka radhi."

Nikamweleza habari ya zile programu, zote, bila ya kujitetea. Nilitaraji anyamaze au anambie haidhuru. Alicheka. Kwa muda mrefu sikuwa nimemsikia akicheka vile.

"Risiti zote nlikuwa nikizipata," akasema. "Kila mwezi. Nlikuwa nazisoma."

"Na hukunambia?"

"Nikwambie nini? Uliporudi kwa mama, miezi minne nikikuuliza hali unanambia alhamdulillah hatujambo. Nitajuaje kama kweli hujambo? Siku ilipoingia risiti ya Kituruki nikamwonesha mwenzangu ofisini. Nikamwambia, mdogo wangu ameanza kusoma lugha. Ya kutembea ilipokuja nikasema, basi, anatoka nje. Ile ya mvua ndiyo iliyonisumbua. Nikajua hulali."

Kwa miaka mitatu nilidhani nimeuficha msiba wangu vizuri.

"Kuna jengine," nikasema. "Ile ya mvua haikukubali kufutika mpaka nifungue barua zako. Nimezifungua. Na nimesoma moja isiyonihusu."

Nikasikia gari linapiga honi huko Maskati, mbali, kisha mlango unafungwa.

"Ipi?"

"Ya kiwanda cha barafu."

"Ile ndiyo niliyoitumainia," akasema.

Akanieleza. Kampuni ilipunguza watu, wakaanza na wenye mishahara mikubwa, na yeye kwa miaka kumi na minane alikuwa amekuwa mmoja wao. Ulikuwa mwezi wa tano sasa hana kazi. Alikuwa ameuza gari, amehama nyumba akaingia chumba na wenziwe wawili, na kibali chake cha kukaa kilikuwa kinaelekea mwisho. Pesa za dawa za mama hazikukatika hata mwezi mmoja. Alieleza kama mtu anayesoma orodha ya vipuri, bila ya kupandisha sauti wala kuishusha. Nilimuuliza kwa nini hakutwambia. Akasema angetwambia nini, na sisi tungefanya nini, isipokuwa mama kupandisha presha.

Kisha akasema, "Vyangu nlivifuta vyote mwezi ule ule wa kwanza nlipoachishwa. Mpira, magazeti, ile ya kuhifadhi picha. Vyako sikuvigusa. Nlisema hivi aviache yeye mwenyewe, akiwa hana haja navyo."

"Lakini mimi nshaviacha zamani, kaka. Hata kimoja sikitumii. Miaka."

"Sasa mimi nlijuaje?"

Akaanza kucheka tena, na mimi nikacheka, kisha kicheko chake kikabadilika, na akasema ngoja kidogo, akaiweka simu mahali. Nilingoja. Nilimsikia akipenga kamasi. Aliporudi aliniuliza kama mama amesikia. Nikamwambia hajasikia, nimefunga mlango.

Nikamwambia arudi. Akasema mtu harudi mikono mitupu baada ya miaka kumi na minane. Nikamwambia mimi nilirudi na masanduku mawili na talaka, na shuka nikazikuta zimetandikwa. Alisema atafikiri, akanitaka nisimwambie mama.

Nilimtii kwa wiki mbili. Lakini nyumba ya watu wawili haina pa kuficha kitu. Asubuhi moja mama alikuwa anachagua mchele ukumbini, mimi nimekaa karibu yake nakata vitunguu, akaniuliza bila ya kuinua uso kaka yako ana muda gani hana kazi.

Nikamuuliza nani amemwambia.

"Hajanambia mtu. Zamani akipiga simu alikuwa akilalamika juu ya bwana wake wa kazini. Mkali, mchoyo, hajui kazi. Sasa miezi hajamtaja. Mwenye kazi hulalamika, mwanangu."

Nikamwambia kweli yote, na ya programu nikamwambia. Hilo la programu hakulifahamu vizuri na hakujali kulifahamu. Alimaliza kuchagua mchele, akauosha, akautia maji. Ijumaa iliyofuata aliichukua simu mwenyewe, akamwacha aseme kazi nyingi, joto limezidi. Alipomaliza akamwambia, "Mwanangu, chumba chako kinavuja kidogo pembeni. Nitamwita fundi akiezeke kabla hujaja." Kisha akanipa simu, na kaka hakuweza kusema nami siku ile, ila salamu.

Alifika mfungo mosi, baada ya sikukuu ya Idi, na sanduku moja na kisanduku chake cha chuma cha zana. Nywele zilikuwa nyeupe kuliko zinavyoonekana kwenye picha. Mama alimpakulia wali mpaka sahani ikajaa, akakaa kumtazama anakula. Majirani walikuja kumuona, na kila mmoja akauliza anarudi lini Maskati. Kaka alijibu inshallah, neno ambalo halidanganyi wala halielezi. Wiki za mwanzo zilikuwa nzito. Alizoea kuamka alfajiri, aoge, avae shati lililopigwa pasi, na akishavaa hana pa kwenda. Nikitoka kwenda shule namwacha kakaa ukumbini na shati lake, na nikirudi namkuta yupo pale pale, ameshatengeneza feni ya mama, friji la jirani, na pampu ya maji ambayo haikuwa mbovu. Jioni alikuwa akitoka, akirudi anasema amekula Forodhani. Mama hakumbishia. Alimfunikia chakula, na asubuhi sahani alikuwa akiikuta tupu.

Kazi ilikuja baadaye, na ilikuja kwa mlango wa yule mwenzangu wa kompyuta. Shemeji yake alikuwa mpishi katika hoteli moja huko kwao Matemwe, na chumba cha baridi cha kuwekea samaki kilikuwa kimewashinda mafundi wawili. Nikamwambia kaka kwa woga, nikijua ametoka kusimamia majumba marefu. Aliuliza mtambo wa aina gani. Kesho yake alikwenda na kisanduku chake, akarudi usiku umeingia, mikono myeusi kwa mafuta, akala bila ya kusubiri kukaribishwa. Wiki iliyofuata wakamwita tena, na hoteli ya jirani ikamwita. Siku hizi yuko huko Matemwe Jumatatu mpaka Alkhamis, na Ijumaa anaswali mjini. Mshahara si wa Maskati. Hajawahi kuulinganisha mbele yetu, na sisi hatumuulizi.

Zile programu ndizo tulizozimaliza mwanzo kabisa, wiki ya pili tangu alipofika, wakati bado hajui la kufanya na siku zake. Alinitaka simu. Nilidhani anataka kuhakikisha kama kweli nimezighairi zote, nikamwonesha orodha: kila moja imeandikwa imeghairiwa, na tarehe ya kwisha kwake. Akasema hakuwa na shaka na hilo. Alitaka kuitoa akaunti yake humo ndani, nipate yangu.

"Hata kama sina cha kuficha?" nikamuuliza.

"Utapata," akasema. "Na mimi nnazo barua bado zinakuja."

Tulikaa pamoja kwenye kochi la mama. Kabla ya kuitoa alinihamishia picha zangu, moja moja, kwa sababu alihofu zisipotee na akaunti yake: picha ya baba peke yake, bila ya wale watu wa nyuma, picha za wanafunzi wangu, picha za nguo ya harusi ya binamu yetu. Hakuuliza kwa nini ya mume wangu wa zamani imo bado, alivuka akaendelea. Kisha simu ikauliza kama ana hakika, naye akabonyeza. Kile kibahasha kikabaki, lakini ndani yake hamkuwa na barua hata moja.

Akanitengenezea mpya. Akaandika jina langu, mwaka wangu wa kuzaliwa, akanitania kuhusu mwaka wenyewe. Palipofika pa kuandika neno la siri akanirudishia simu mkononi, akageuka akatazama ukuta. Mimi si mwepesi wa kuandika simuni, na neno la kwanza lilikataliwa kwa kuwa fupi, la pili kwa kuwa halina tarakimu. Ilichukua muda. Yeye alikaa vivyo hivyo ameuelekea ukuta, mikono juu ya magoti, mpaka nilipomwambia tayari.